Ulichokipenda Siku Ile Si Boksi la Spika

Wengi wanaoingia kwenye mapenzi ya sauti bora hupitia mlango mmoja. Mtu amekaa kwenye kochi la mwenzake, unawekwa wimbo anaoujua miaka na miaka, na mara mwimbaji anasimama katikati ya spika mbili, mahali ambapo hapana kitu ila ukuta. Anasikia pumzi ikivutwa kabla ya neno la kwanza. Anasikia vidole vikiteleza kwenye nyuzi za gitaa. Kuanzia hapo redio yake ya nyumbani haimtoshi tena. Hadi hapo mambo ni mazuri kabisa. Yanaanza kuharibika anapoondoka na jina la spika peke yake kichwani.

"Nikinunua spika zilezile, nitasikia kilekile"

Hii ndiyo dhana ninayoisikia kuliko zote, na ndiyo inayomaliza pesa za watu. Mteja ananunua spika zilezile na amplifaya ileile. Nyumbani spika moja inasukumwa kwenye kona nyuma ya mlango, nyingine inapandishwa juu ya kabati karibu na dari, na yeye anakaa pembeni kabisa. Wiki haijaisha anapiga simu: "Nimeuziwa feki." Hukuuziwa feki! Umenunua nusu ya kile ulichokipenda, na nusu ya pili haiuzwi dukani.

Yule mwimbaji wa katikati hatoki kwenye boksi lolote. Ubongo wako ndio unaomweka pale. Wazo la stereo, ambalo mhandisi Alan Blumlein aliliombea hataza Uingereza mwaka 1931, linategemea hilo: sauti ya mwimbaji inatoka sawasawa pande zote mbili, inafika masikioni kwa wakati mmoja, na ubongo unaamua kwamba yuko katikati. Sasa hesabu. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Spika moja ikiwa karibu nawe kwa sentimita 30 zaidi, sauti yake inatangulia kwa karibu milisekunde 0.9. Ni kidogo mno, lakini kunatosha kumvuta mwimbaji wote mzima hadi kwenye ile spika ya karibu. Hakuna bei ya spika inayotibu hilo. Futi kamba inalitibu.

Basi chukua futi kamba. Weka spika mbili kwenye ukuta mmoja, mita 2 kati yake, na kiti chako mita 2 hadi 2.4 kutoka kila moja. Pima kutoka kila twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba ndani ya boksi, hadi mahali kinapokaa kichwa. Tofauti isizidi sentimita 1 au 2. Twita ziwe usawa wa sikio ukiwa umekaa, mara nyingi sentimita 90 hadi 100 kutoka sakafuni. Spika ndogo zinataka stendi, si sakafu wala juu ya kabati. Zigeuze kidogo zikutazame, kana kwamba zinalenga nyuma tu ya mabega yako. Sauti ya katikati ikiwa imetawanyika, zigeuze zaidi. Ikiwa imebana na sauti nyembamba zinachoma, zifungue.

Halafu ukuta ulio nyuma ya spika. Kila uso mkubwa ulio karibu na spika, iwe ukuta au sakafu, unaweza kuongeza besi ya chini kwa hadi desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Konani kuta mbili na sakafu zinakutana, ndiyo maana spika ya konani inavuma kama pipa na maneno yanazama. Lakini kuivuta tu mbele hakumalizi kazi. Besi inayogonga ukuta na kurudi hukutana na ile inayotoka mbele, na pale umbali wa koni, ile sehemu ya spika inayotetemeka, hadi ukutani unapokuwa robo ya urefu wa wimbi, zinauana. Mita 1 inatoboa shimo karibu na hezi 86, yaani mitetemo 86 kwa sekunde. Sentimita 60, karibu na hezi 143, ambako ndiko uzito wa sauti ya mwanamume ulipo. Hakuna namba moja inayofaa kila chumba. Sogeza sentimita 10, rudi kukaa, sikiliza gitaa la besi likipanda noti kwa noti. Noti moja ikitoweka na jirani yake ikavimba, sogeza tena.

Na kiti chako nacho kina neno. Chumba chenye urefu wa mita 4 kinavuma chenyewe kwenye hezi 43 hivi. Cha mita 5, kwenye 34. Ukikaa katikati kabisa ya urefu huo, noti hiyo karibu inapotea. Ukiegemea ukuta ulio nyuma yako, inakujaa kifuani. Anza na theluthi moja ya urefu wa chumba kutoka ukuta huo, kisha songa mbele na nyuma kidogo kidogo.

Kwa kuta za pembeni kuna kazi ya kioo. Kaa kitini, mtu mwingine atembeze kioo ukutani kwa usawa wa macho yako. Mahali utakapoiona twita ndipo sauti inapodunda na kukufikia imechelewa kidogo. Weka hapo rafu ya vitabu au pazia zito. Sakafuni, kati yako na spika, tandika zulia nene.

Baada ya yote hayo, kama mwimbaji bado hana mahali pake na besi ni nyepesi, shuku waya kabla ya kushuku spika. Upande mmoja chanya na hasi zimebadilishana, koni moja inatoka wakati nyingine inaingia. Zima amplifaya, chomoa waya upande wake, kisha gusisha betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja: chanya ya betri kwenye waya wa chanya, hasi kwenye hasi. Koni ya wufa, ile spika kubwa ya besi, itoke nje. Ikiingia ndani, umeupata ugonjwa. Nimekuta spika zikitangazwa kuuzwa kwa kosa hili la dakika mbili.

Ushauri wangu, nao siubadilishi: usinunue kitu kingine chochote kabla hujatumia jioni mbili na futi kamba.

"Wati nyingi ndiyo sauti nzuri"

Hapana. Spika ya kawaida hutoa takriban desibeli 87 kwa wati 1, ukiwa mita 1. Kusikiliza kwa utulivu sebuleni mara nyingi hakuvuki wati hiyo moja, ukitoa vilele vya ngoma. Kuzidisha wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu; sauti isikike kubwa maradufu unahitaji takriban mara kumi. Kwa hiyo kutoka wati 50 kwenda 100 ni hatua ndogo kuliko bei yake. Namba za PMPO, yaani wati za kilele cha kufumba na kufumbua, kwenye maboksi ya redio zipuuze kabisa. Tafuta wati za RMS, yaani za mfululizo, zikiandikwa pamoja na omu (ukinzani wa spika). Na twita nyingi huungua kwa amplifaya ndogo iliyosukumwa kupita uwezo wake mpaka mawimbi yakakatwa vichwa, kwa hiyo sauti ikianza kukwaruza, punguza papo hapo.

"Nililinganisha mwenyewe dukani, hii ilikuwa bora"

Ilikuwa kubwa. Tofauti ya desibeli 1 sikio haliiti ukubwa, linaiita uwazi. Tena watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo sikio linasikia besi kwa udhaifu, kwa hiyo aliyepandisha sauti kidogo amekuongezea na besi. Hivi ndivyo watu wanavyopenda kifaa dukani na kukichukia nyumbani. Ukilinganisha amplifaya mbili, cheza mlio wa hezi 100, pima volti za AC kwenye ncha za spika kwa multimita, na uzisawazishe zitofautiane kwa asilimia 1 tu. Kwa spika mbili tofauti volti hazisaidii. Tumia mvumo wa majaribio na kipima sauti cha simu, ukiiweka mahali pa kichwa chako.

"Waya ghali hufungua sauti"

Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, mita 5 kwenda na 5 kurudi, una ukinzani wa omu 0.07 hivi. Mbele ya spika ya omu 8 hiyo ni chini ya asilimia 1. Kaza ncha vizuri, hakikisha nywele za shaba za waya wa chanya hazigusi za waya wa hasi, basi.

"Trei za mayai ukutani zinatuliza chumba"

Hazifanyi kitu kwenye besi. Wimbi la hezi 43 lina urefu wa mita 8. Karatasi ya sentimita 4 haliioni. Tena zinashika moto haraka. Zitoe.

"Santuri ni halisi kuliko sidii"

Kwa vipimo si kweli. Sidii ina sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 za biti 16 kwa kila sekunde, yaani nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya ukimya na kilele. Santuri huhesabiwa imefanya vizuri ikifika 70. Ila simkatazi mtu kuipenda, na sababu ni nzuri: upande mmoja ni dakika 20 hivi, hakuna kuruka wimbo, mtu anakaa na kusikiliza. Kaa vivyo hivyo na sidii uone.

"Masikio yangu si ya kitaalamu, sitasikia tofauti"

Hili huniumiza, kwa sababu humzuia mtu asijaribu. Umri hupunguza uwezo wa kusikia sauti nyembamba za juu kabisa, ni kweli, lakini mahali pa mwimbaji hapategemei hizo. Jipime leo. Panga spika kama nilivyoeleza, weka rekodi ya mtu mmoja anayeimba au kuzungumza, fumba macho, onyesha kwa kidole anakotokea. Kisha sogeza kichwa sentimita 30 kushoto. Atahama nawe kushoto. Rudi katikati, naye atarudi.