Nyuki wa Tanga hawakutegwa na mtu

Jamani hii stori ya nyuki wa Tanga nimeisikia tangu mdogo, kwamba Novemba 1914, kwenye mapigano ya Tanga ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani walitega mizinga ya nyuki kwa nyaya, Mwingereza akikanyaga tu nyuki wanamvamia. Hapana. Nyuki walikuwepo kweli, ila risasi ndo ziliwachokoza wakauma pande zote mbili, hata askari wa Mjerumani nao waliumwa.

Stori ya nyaya ilienezwa na Waingereza wenyewe. Fikiria, wameleta jeshi la watu kama 8,000 kutoka India, wakashukia upande wa Ras Kazone, wakapigwa na watu wapata 1,000 tu wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, sasa utawaambia nini wananchi kule London ambao watoto wao bado wanaitwa vitani? Habari ya kushindwa ikafichwa miezi kadhaa, na ilipotoka, kumlaumu Mjerumani na hila zake ilikuwa rahisi kuliko kusema jenerali wetu Aitken hakupeleleza hata mji wenyewe, na kwamba Mjerumani alipewa muda wa kutosha kuleta askari kwa treni kutoka huko Moshi.

Mimi kinachoniuma ni hao askari. Waafrika walipigana mji ule mtaa kwa mtaa, Wahindi wakafa mbali na kwao, mamia, halafu miaka zaidi ya 100 baadae bado tunawapa nyuki sifa yote.