Kabla hujasema "1977", taja kanda

Imeandikwa tena wiki hii na itaandikwa tena wiki ijayo: Grateful Dead, bendi ya roki ya Marekani, walifika kileleni Mei 8, 1977, katika Barton Hall ya Chuo Kikuu cha Cornell, na yaliyofuata yote ni mteremko. Chini yake anatokea mpatanishi na ule usemi wa kila mtu na ladha yake, ubishi unafungwa, watu wanaenda kulala. Wote wawili wananichosha. Huyu mpatanishi ananichosha zaidi, maana sehemu kubwa ya ubishi kuhusu enzi za bendi hii haijafika hata kwenye ladha. Imekwamia kwenye kanda.

Bendi ilipiga maonyesho yapatayo 2,300 tangu 1965 hadi Julai 9, 1995, pale Soldier Field, Chicago. Mwezi mmoja baadaye Jerry Garcia, mpiga gitaa na mwimbaji wao, akafariki. Hakuna aliyeyahudhuria yote, na wengi wanaobishana leo hawakuhudhuria hata moja. Wanachokijua ni kilichonaswa, tena kilinaswa kwa vyombo tofauti, kikanakiliwa kaseti hadi kaseti, halafu siku moja kikawa faili. Kwa hiyo mtu akiniambia 1983 ulikuwa mwaka mbovu, namuuliza kwanza kama alisikiliza kanda ya miksa, iliyochukuliwa moja kwa moja kwenye meza ya fundi sauti, au ya ukumbini, iliyonaswa kwa maiki katikati ya watazamaji, na ilikuwa nakala ya ngapi. Kwa kawaida hajui. Alibonyeza ya juu kwenye orodha.

Tuanze na hiyo imani kwamba kanda ya miksa ni bora siku zote. Fundi aliyekaa kwenye meza ya miksa anahudumia ukumbi, hana habari na wewe utakayesikiliza kwa visikizi miaka 40 baadaye. Amplifaya za gitaa na besi zinavuma zenyewe kutoka jukwaani, dramu zinawafikia watu bila msaada, basi kwenye miksa anavishusha. Waimbaji hawana kitu isipokuwa maiki, basi anawapandisha. Kinachoingia kwenye kanda ni kile tu ambacho spika kuu zilitakiwa kuongeza. Ukumbi ukiwa mdogo, tofauti inakuwa kubwa: sauti za watu ziko puani kwako na besi haipo, halafu mtu anaandika kwamba mpiga besi Phil Lesh alisinzia usiku ule. Hakusinzia. Alikuwa na nguvu kiasi kwamba miksa haikumhitaji. Kwenye uwanja wa mpira karibu kila chombo lazima kipite kwenye spika kuu, kwa hiyo kanda ya miksa inakaribia usawa, na ndiyo sababu mojawapo ya watu kusikia bendi ya 1989 kuwa "imeshikana". Ilikuwa imeshikana kweli, lakini ukubwa wa uwanja nao umechangia.

Kanda ya ukumbini ina matatizo ya upande wa pili. Besi inarundikana kwenye kuta, jirani anapiga mluzi, na kaseti ya dakika 90 ina dakika 45 tu kila upande, kwa hiyo muziki unakatika mahali ambapo ungeomba usikatike. Ila ndiyo pekee inayokuonyesha bendi nzima ikisukuma hewa kwa pamoja. Kuanzia Oktoba 1984 bendi iliwatengea warekodi eneo rasmi nyuma ya meza ya miksa. Watu hudhani hapo ndipo kanda zilipokuwa nzuri. Si lazima. Fimbo za maiki zilisimama wazi bila kujificha, lakini zilisimama mbali zaidi na spika kuliko za wale waliokuwa wakijipenyeza mbele kwa wizi. Msikilizaji wa muziki wa dansi hahitaji somo hili: bendi ya studio ya Radio Tanzania na bendi hiyohiyo ukumbini saa saba usiku ni mambo mawili.

Sasa mwendo wa kanda, na hapa uvumilivu wangu huisha kabisa.

Rekoda ya betri, betri zikichoka wakati wa kurekodi, injini inapunguza mwendo. Ukija kuicheza kanda hiyo kwenye mashine yenye mwendo sahihi, muziki unakwenda mbio na unapanda. Kosa la asilimia 1 linapandisha sauti kwa senti 17, ambapo senti 100 ni nusu toni. Asilimia 3 ni senti 51. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika unakuwa wa 123.6, gitaa la Garcia linang'aa zaidi, na waimbaji wanaonekana vijana. Sasa soma maoni: "Moto! Kadiri usiku ulivyosonga ndivyo walivyozidi kupamba moto!" Bila shaka walizidi. Betri zilikuwa zinakwisha.

Kupima si kazi ngumu, sielewi kwa nini watu hawapimi. Umeme wa Marekani una mzunguko wa hezi 60, na mvumo wake huingia karibu kila kanda. Tafuta kimya kati ya nyimbo, fungua kipande hicho kwenye programu yoyote inayochora spektra (mchoro wa nguvu ya sauti katika kila hezi), weka dirisha, yaani urefu wa kipande kinachochambuliwa kwa mara moja, la sampuli 65,536. Kwa faili la 44.1 kHz hilo linakupa hatua za hezi 0.67, ambazo ni pana mno kwa kupima penye 60. Usipime hapo. Pima penye 180 au 300, ambazo ni mara 3 na mara 5 ya mvumo uleule. Kosa la asilimia 1 pale kwenye 300 ni hezi 3 nzima, linaonekana kwa macho. Ukikuta 309, kanda inakimbia kwa asilimia 3. Sahihisha kwa uwiano wa 300 kwa 309, na usifanye hivyo mara moja kwa onyesho zima. Kata vipande vya dakika chache, maana kosa la mwanzo wa kanda silo la mwisho. Ziara ya Ulaya ya 1972, maonyesho 22 kuanzia Aprili 7 hadi Mei 26, haina hezi 60. Kule ni 50. Ziara hiyo ilirekodiwa kwa njia 16 za sauti sambamba na mafundi wa bendi wenyewe, kwa hiyo tatizo ni dogo, lakini nimeona mtu "akisahihisha" nakala yake kwa kutafuta 60 na kutoka na kitu cha ajabu.

Kuna mtego ambao vitabu vya mafundi huupita kimya. Mvumo unaweza kuwa uliingia baadaye, wakati wa kunakili, kutoka kwenye deki ya jirani ya mtu fulani. Hapo unakuta mvumo umetulia tuli kwenye 60 huku muziki wenyewe unateleza. Ukiona mistari miwili ya mvumo, mmoja umenyooka na mwingine unapinda, fuata unaopinda. Ukiona mmoja tu ulionyooka, huna ushahidi, na inabidi utafute kipimo ndani ya muziki. Ogani ya Hammond ni rafiki: magurudumu yake huzungushwa na injini inayofuata mzunguko wa umeme, haikubali kupanda wala kushuka kwa hiari yake. Enzi ya Pigpen, mpiga kinanda wao wa awali, ina Hammond. Enzi ya mpiga kinanda Brent Mydland, Aprili 1979 hadi kifo chake Julai 1990, ina Hammond. Katikati hapo, miaka ya Keith Godchaux, una piano, na piano ni nzuri kadiri ya mtu aliyeisawazisha mchana ule. Kwa hiyo kanda nyingi za 1973, ambazo naamini nimezinyoosha, nimezinyoosha kwa kuiamini piano. Sina ushahidi mwingine.

Turudi Cornell. Kanda ile ni ya Betty Cantor-Jackson, fundi sauti wa bendi, ambaye alikuwa akichanganya kwa ajili ya kanda, si kwa ajili ya spika za ukumbi, kwenye rekoda ya Nagra ambayo mwendo wake hauyumbi. Besi ipo, piano ipo, gitaa la Bob Weir unalisikia upande wake likifanya zile kazi ndogondogo ambazo kwenye kanda nyingine zimemezwa. Mwaka 1986 kanda zake ziliuzwa kwa mnada pamoja na vitu vya stoo ambayo kodi yake haikulipwa. Aliyenunua alinunua, zikanakiliwa, zikasambaa. Mwaka 1987 wimbo wao Touch of Grey ukaingia kumi bora za Marekani, ukaleta umati wa mashabiki wapya waliokuwa wakitafuta kaseti. Kaseti iliyo safi kuliko zote na rahisi kupatikana ilikuwa ipi? Mei 1977. Kisha Maktaba ya Bunge ya Marekani ikaiingiza kwenye orodha yake ya rekodi za taifa mwaka 2012, na toleo rasmi likatoka 2017.

Onyesho lenyewe ni zuri, sibishi. Nyimbo za Scarlet Begonias na Fire on the Mountain zilikuwa zimeunganishwa kwa mara ya kwanza Machi 18 mwaka huohuo, kwa hiyo Cornell unasikia kiungo ambacho hakijafikisha miezi miwili na bado kinawashangaza wapigaji. Fire ina akordi mbili tu, B na A, hakuna pa kujificha. Lakini usiku uliofuata, Buffalo, kwa mkono uleule wa Betty, ni sawa au zaidi. Linganisha na vuli ya 1970. Kanda za miksa za miezi hiyo ni chache mno. Tuna kanda za ukumbini zenye mvumo na watu wanaopiga kelele. Hakuna anayesema vuli ya 1970 ni kilele isipokuwa wachache waliozoea kusikiliza kupitia ukungu. Je, wamekosea? Sijui, na nina wasiwasi na yeyote anayejua.

Jambo la 1974 nitalipitia haraka ingawa linastahili zaidi. Ule ukuta wa spika wa tani zipatazo 75 ulisimama nyuma ya bendi, kwa hiyo maiki zote zilikuwa zikiutazama. Ili zisilie, kila mwimbaji alipewa maiki mbili zilizopachikwa karibukaribu na kuunganishwa kinyume: sauti inayozifikia zote kwa usawa inajifuta, na mwimbaji anaimbia moja tu, ile ya juu. Akirudi nyuma kidogo, naye anaanza kujifuta, na sauti nzito ndizo hutangulia kupotea. Matokeo kwenye kanda ni waimbaji wembamba kama wanaongea kwenye simu. Kisha mnaandika kwamba mwimbaji Donna Godchaux na Weir walikuwa hovyo mwaka ule. Baadhi ya siku, ndiyo. Lakini sikilizeni gitaa na besi za majira hayo kabla ya kuhukumu.

Kuna mambo ambayo kanda haiyabadilishi. Mickey Hart, mpiga dramu wa pili, aliondoka Februari 1971 na kurudi Oktoba 20, 1974. Katikati ni Bill Kreutzmann peke yake, na bendi yenye mpiga dramu mmoja inakata kona popote: Garcia akiinama kushoto, wote wameshafika. Wakiwa wawili, lazima wakubaliane kwanza. Uzito unaongezeka, kona zinapungua. Hilo unalisikia hata kwenye nakala ya kumi. Ukipenda uzito, 1977 na kuendelea ni yako. Ukipenda kona, rudi 1972 hadi 1974. Hapo ladha inaruhusiwa na mimi nanyamaza. Vilevile hakuna usafishaji utakaorudisha mashairi aliyoyasahau Garcia mwaka 1985, wala kuficha kwamba baada ya kuzimia kwa kisukari Julai 1986 ilibidi ajifunze gitaa upya. Na 1995 sitetei.

Kinachonisumbua ni kazi ya kuunganisha kanda mbili, ya miksa na ya ukumbini, kuwa moja. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo maiki iliyo mita 30 kutoka kwenye spika iko nyuma kwa milisekunde 87. Unaisogeza mbele hadi mpigo wa snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, ukae mmoja. Halafu rekoda mbili hazikubaliani: tofauti ya asilimia 0.1 ni sekunde 3.6 kwa saa, kwa hiyo unapanga upya kila wimbo, na kwenye wimbo wa dakika 25 unapanga mara kadhaa ndani yake. Ukizembea, snea inakuwa mbili na sauti zinakuwa na tundu katikati. Ukifanya vizuri, inapendeza kupita kiasi. Ni onyesho ambalo hakuna mtu aliyelisikia usiku ule, si fundi, si watazamaji, si bendi. Watu hulitumia kuthibitisha kwamba 1983 haukuwa mbovu, na sina hakika kama wamethibitisha mwaka au uunganishaji.

Tena kuna kesi iliyo kinyume. Giza, Misri, Septemba 14 hadi 16, 1978, mara pekee bendi ilipopiga Afrika. Piramidi nyuma yao, Hamza El Din na wenzake wa Nubia jukwaani, kupatwa kwa mwezi usiku wa mwisho. Mashabiki huapa kwamba ilikuwa miujiza. Ilirekodiwa kwa njia nyingi za sauti sambamba ili itoke albamu, na rekodi ni safi. Kreutzmann alikuwa na kifundo cha mkono kilichovunjika, akapiga kwa mkono mmoja. Piano haikuwa imesawazishwa. Albamu ikawekwa kabatini, sehemu yake ikatoka 2008. Kila mwaka mtu huniuliza kama haiwezi kunyooshwa kwa zile hesabu za mwendo. Haiwezi, kwa sababu piano ile haikupanda wala kushuka yote kwa pamoja. Nyuzi zake hazipatani zenyewe kwa zenyewe. Ukiisogeza hadi noti moja ikae, nyingine inaondoka, na gitaa ambalo lilikuwa sahihi tangu mwanzo linaondoka nayo.