Kwa Nini Wateja Wangu Wanacheza

Watu wakisikia kwamba vikundi vyangu vya ushauri nasaha hutumia michezo ya kuigiza papo kwa hapo, hudhani tunafanya vichekesho. Wengine huja na utani walioukariri nyumbani. Nawaomba wauache mlangoni, na tunaanza.

Michezo mingi ninayotumia ilitungwa na Viola Spolin wa Chicago. Alikuwa mwanafunzi wa Neva Boyd pale Hull House, kituo kilichohudumia wahamiaji, na mwaka 1939 akaanza kusimamia maigizo katika mradi wa serikali jijini humo. Alikuta watu wa lugha na malezi tofauti, hotuba zisingemsaidia. Hakuwa mtabibu, lakini aliona jambo ambalo sisi wa tiba ya saikolojia tunalihangaikia: mwenye hofu hapati nafuu kwa kuambiwa "jiamini". Mpe kazi iliyo nje ya nafsi yake, umakini wake uhamie huko.

Chukua mchezo wa kioo. Wawili wanasimama wakitazamana. Mmoja anajongea polepole, mwenzake anamwiga. Baadaye wanabadilishana. Kisha natangaza kwamba hakuna kiongozi, kila mmoja amfuate mwenzake. Hapo ndipo penye utamu. Yule ambaye kutwa hujikagua, mikono yangu iko wapi, wananionaje, hapati mwanya wa kujikagua, maana akijirudia tu ameshaachwa. Wanandoa nao hufichuka hapa bila kuulizwa swali: aliyezoea kuamuru hawezi kungoja, aliyezoea kufuata hathubutu kuanzisha hata kidole. Mmarekani Daniel Wiener amejenga njia nzima ya kutibu wanandoa na familia kwa michezo ya namna hii, wala sishangai.

Mchezo mwingine ni wa hadhi, mada aliyoishikilia sana Keith Johnstone, Mwingereza aliyehamia Calgary, Kanada. Kila mtu anashika karata kwenye paji la uso bila kuiona, na wenzake wanamtendea kwa thamani yake. Mwenye mbili, karata ya chini kabisa, hujua mapema mno. Hakuna aliyemtukana, ila macho yanampita. Kwetu tunaojifunza tangu utotoni nani ampe nani shikamoo, mchezo huu huzua mazungumzo marefu kuliko mchezo wenyewe, hasa mzee akipata mbili na kijana akapata mfalme.

Mpaka wangu uko wazi: simwombi mtu aigize kisa kilichomjeruhi. Jacob Moreno, daktari aliyeanzia maigizo ya papo kwa hapo Vienna miaka ya 1920, aliipeleka njia hiyo hadi kwenye saikodrama, yaani tiba ambamo mtu huigiza matukio ya maisha yake mwenyewe, na hiyo ina mafunzo yake marefu. Asiyeyapata asiiguse. Hata kwenye michezo myepesi, anayetaka kukaa pembeni anakaa, simbembelezi wala simuulizi sababu mbele ya watu. Tukimaliza tunaketi kuzungumza, na muda huo wa kuzungumza naupangia nusu ya kikao.