Habari zake sasa anazo mwenyewe

Alikuja ofisini kwangu mama mmoja kutoka shamba, amebeba simu ya mwanawe mkobani, imezimwa na kuviringishwa kwenye leso. (Ameniruhusu nisimulie, na nimebadilisha mambo mawili matatu asijulikane.) Mtoto ana miaka 15. "Mwanangu," akaniambia, "huyu alipokuwa mdogo nikijua hata kikohozi chake kimetoka wapi. Sasa analala chumba cha pili na simjui. Nimrudishie simu au nisimrudishie?"

Nafanya kazi ya ushauri nasaha kwa wazazi na watoto hapa Unguja, na swali hili hunijia kila wiki kwa sura tofauti. Mmoja ataliuliza kuhusu simu, mwengine kuhusu dakhalia, yaani bweni la skuli, mwengine kuhusu harusi ya usiku. Mimi nalisikia kuwa ni swali moja: mzazi anatakiwa kuamua, na habari anazozihitaji hanazo.

Mtoto wa miaka 3 akiharisha unaona. Unamkorogea maji ya chumvi na sukari, unamkimbiza kituo cha afya. Uamuzi unaweza kuwa mzito, lakini yote ya kuamulia yako mbele ya macho yako, na usiloliona wewe kaliona jirani. Akifika miaka 15, habari zake anazo mwenyewe: nani anamchekesha skuli, nani anamtisha, nani anamwandikia usiku. Tena hapo ndipo makosa yanapokuwa ghali. Wazazi wengi wanaolia mbele yangu hawalii kwa udhaifu. Wanaamua gizani, na wanajua wamo gizani.

Mwaka 2000 watafiti Håkan Stattin na Margaret Kerr walichapisha utafiti walioufanya kwa vijana wa miaka 14 nchini Uswidi, na huo ulibadilisha kazi yangu. Ilikuwa imezoeleka kudhani kwamba mzazi anayejua mwenendo wa mwanawe ni yule anayemfuatilia. Wao wakauliza: hayo anayoyajua kayajuaje? Wakakuta kwamba kwa sehemu kubwa kaambiwa na mtoto mwenyewe, kwa hiari yake. Kuhoji na kupekua kulichangia kidogo kuliko tulivyodhani sote.

Basi nilimwomba yule mama anihesabie mambo ya maana aliyoyajua kuhusu mwanawe mwaka ule. Akataja matatu. Mawili kaambiwa na mtoto, jikoni, kabla hajaanza kuikagua simu. La tatu kalikuta simuni, lilikuwa dogo, na tangu siku hiyo hajaambiwa lolote. Alinyamaza muda mrefu. Sikutaka ajilaumu, kwani alikagua kwa mapenzi na kwa hofu. Lakini nilitaka aone alichokilipa.

Kwetu Zanzibar kuna ugumu mwengine ambao vitabu vya ng'ambo haviugusi. Mtoto akishabaleghe, dini inamhesabu kuwa ni mwenye kujibu mwenyewe kwa sala yake na saumu yake. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inasema bado ni mtoto mpaka atimize miaka 18. Kwa hiyo kijana wa miaka 14 ni mkubwa kwenye msala na mdogo kwenye kaunta ya serikali, siku hiyo hiyo, na mzazi ndiye anayebebeshwa mizani zote mbili. Mimi siuoni huo kuwa mgongano wa kuogopwa. Unatukumbusha kuwa mtoto hakui wote kwa mara moja: anaweza kuaminiwa kwa jambo hili na akawa bado kwa lile.

Ndiyo maana nawaomba wazazi watenganishe mambo. Judith Smetana, mwanasaikolojia wa Marekani, ametafiti kwa miaka mingi ugomvi wa nyumbani baina ya wazazi na vijana, na aliyoyaona nayaona hapa kila siku: wanagombania jambo moja wakiwa wanalitazama kwa macho mawili. Kwa baba, mkato wa nywele ni heshima ya nyumba. Kwa kijana, ni kichwa chake. Ukimshinda kwenye nywele, mara nyingi umelipia kwa kukosa kuambiwa jambo la maana. Lakini kuna mambo sishauri kabisa kupimana nayo: mtu mzima anayewasiliana na mtoto kwa siri, dawa za kulevya, chombo kinachoendeshwa na mlevi. Hapo mzazi anaamua, na mtoto akikasirika na akasirike.

Zamani mzigo huu haukubebwa na mama peke yake. Msichana alikuwa na somo wake, mtu mzima ambaye si mama, aliyemfunza yanayomfika mwili na aliyeweza kuulizwa yasiyoulizika nyumbani. Sisemi turudishe kila lililofanywa. Nasema kila kijana anahitaji mtu mzima wa pili, na mzazi amteue mapema, shangazi au khaloo, kabla kijana hajajitafutia mwenyewe mtandaoni.

Yule mama alimrudishia mwanawe simu kwa masharti waliyoyaandika pamoja. Sijui bado itakuwaje.

Na mimi ni mama. Idi moja binti yangu, akiwa na miaka 14, aliniomba aende viwanja vya Mnazi Mmoja na wenzake, bila mtu mzima. Nilikubali kwa uzito: arudi saa tatu, na akitaka kuchukuliwa apige simu, sitauliza kitu njiani. Saa mbili na nusu alipiga. Nilivaa buibui nikatoka. Tulirudi kimya, na kukaa kimya kule kulinichoma kooni. Nyumbani akanieleza nusu ya lililotokea. Nusu ya pili alinieleza wiki tatu baadaye, tukiwa jikoni, yeye juu ya mbuzi anakuna nazi, uso wake kwenye kifuu, mimi nachambua mchele.

Sikukuu iliyofuata nilimruhusu tena, lakini arudi saa mbili. Mpaka leo sina hakika kama ile saa moja niliyompunguzia ilimlinda yeye au ilinituliza mimi.