Je, wajua kwa nini malkia wa nyuki hatosheki na dume mmoja?

Fungua mzinga wowote kule Pugu, pembezoni mwa Dar es Salaam, utakuta maelfu ya nyuki vibarua, wote watoto wa mama mmoja. Kwa upande wa baba ndiko kwenye shughuli: wapo 12, 15, pengine zaidi ya 20. Malkia aliwapata wote angani akiwa bado kijana, katika safari chache tu, kisha akatulia mzingani kutaga.

Mchana madume wa makundi mbalimbali hukusanyika hewani sehemu moja. Malkia akipita, wanamkimbiza. Anayemfikia humpanda hukohuko juu, kiungo chake cha uzazi kinanyofoka na kubaki kwa malkia, naye anaanguka amekufa. Anayefuata hukiondoa kwanza kile kipande, kisha yanamkuta yaleyale. Mbegu zao malkia huzitunza kwenye kifuko tumboni na kuzitumia kidogo kidogo kwa miaka.

Kila safari ni hatari, maana keremkerem, ndege wala nyuki, wanasubiri nje. Kwa nini basi ajisumbue?

Sababu moja ni joto, na mkazi wa Dar hahitaji kuelezwa joto la Februari. Majana, yaani watoto wa nyuki wanaokua ndani ya sega, hukua vizuri kwenye nyuzi 34 hadi 36 hivi. Joto likizidi, vibarua hupepea kwa mabawa. Watoto wa baba huyu huanza mapema, wa baba yule huchelewa kidogo, kama abiria wa daladala wanavyofungua madirisha mmoja mmoja kwenye foleni. Wangekuwa wa baba mmoja, wangeanza pamoja na kuacha pamoja, na joto lingepanda na kushuka ovyo. Mwaka 2004 watafiti wa Australia walionyesha kwamba makundi yenye baba wengi hutuliza joto vizuri zaidi. Kwenye magonjwa pia wana nafuu, kwa sababu kinachowaangusha watoto wa baba mmoja huwakuta wa mwingine wamejikinga.

Ila sababu ninayoiona nzito zaidi ipo ndani ya yai. Yai lisilorutubishwa huwa dume (kwa hiyo dume wa nyuki hana baba, ila babu anaye). Lililorutubishwa huwa jike, mradi nakala mbili za jeni moja inayoamua jinsia zitofautiane. Zikifanana, anatoka dume asiye na faida, na vibarua humla mara tu anapoanguliwa. Malkia akipandwa na kaka yake peke yake, huenda wakawa na nakala moja inayofanana, na nusu ya majana yake ikapotea hivyo; akiwa na madume wengi wasio ndugu, hasara hiyo hupungua. Inua sega la kundi kama hilo utaona: matundu matupu yametapakaa katikati ya yaliyofunikwa.

Hapo ndipo misitu inapoingia. Nyuki wetu wengi bado ni wa porini. Mfugaji hutundika mzinga, akaupaka nta, akangoja kundi liingie lenyewe. Mwaka 1961 F. G. Smith, mtaalamu wa nyuki aliyefanya kazi Tanganyika, aliwatenga nyuki wa pwani kwa jina la Apis mellifera litorea, mbali na wale wa milimani, monticola. Urithi huo unategemea miti yenye mapango, mikoko na misitu kama Pugu na Kazimzumbwi. Msitu ukimegwa na kuzungukwa na nyumba, makundi hupungua, na malkia hubaki na madume wachache, wengi wao ndugu zake.

Kuleta nyuki wa mbali si dawa. Mwaka 1990 wafugaji wa Afrika Kusini walihamishia nyuki wa Rasi ya Cape kaskazini mwa nchi hiyo. Vibarua wa Cape hutaga mayai ya majike bila kupandwa, kwa hiyo waliingia mizinga ya wenyeji, wakataga, kazi zikasimama, na makundi mengi yakafa.

Jijini, hasara nyingine hufanyika kwa chupa ya dawa ya wadudu. Kundi linalotua kwenye mwembe au nguzo ya umeme mara nyingi limehama na malkia mkongwe, mwenye mbegu za baba wote hao tumboni. Kwa kawaida huondoka lenyewe ndani ya siku chache likipata pa kukaa. Wazuie watoto wasilirushie mawe, mtafute mfugaji mwenye mzinga mtupu, na aje jioni, nyuki wakiwa wametulia.