Umeme wa nyumba za ibada: anzia kwenye mita, siku ambayo hakuna ibada

Nenda kanisani kwenu Jumanne saa sita mchana, milango imefungwa na hakuna mtu ila mlinzi. Simama mbele ya mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, au TUKUZA kwa wenzetu wa Zanzibar. Utaona taa ndogo nyekundu inayowaka na kuzima. Karibu nayo pameandikwa namba, mara nyingi 1000 imp/kWh, yaani taa ikiwaka mara 1,000 uniti moja (kilowati moja kwa saa moja) imeisha. Hesabu imewaka mara ngapi kwa dakika moja, kisha zidisha kwa 60. Jibu ni wati zinazotumika wakati huo. Mita yenye 1600 unazidisha kwa 60 halafu unagawa kwa 1.6.

Nilifanya zoezi hili na mzee wa kanisa mmoja, funguo ziko mkononi mwake. Tulihesabu mara tano, sawa na wati 300. "Mbona humu hamna mtu?" aliniuliza. Tukaanza kuzunguka. Ofisini kulikuwa na friji yenye chupa mbili za maji, na kando yake mashine ya maji ya kunywa ikichemsha maji ambayo hakuna wa kuyanywa. Amplifaya ilikuwa haijazimwa tangu Jumapili. Nje, taa mbili za ulinzi zilikuwa zinawaka jua la utosi.

Tuchukulie hali iko hivyo wiki nzima. Wiki ina saa 168. Kanisa linalotumika saa 10 kwa wiki linabaki tupu saa 158, na wati 300 kwa saa hizo ni uniti 47. Sasa piga hesabu ya ibada yenyewe: feni 12 za wati 75, taa 20 za tyubu za zamani zinazokula kama wati 45 kila moja pamoja na balasti yake (kifaa kinachodhibiti umeme wa tyubu), na vyombo vya muziki wati 500. Jumla ni wati 2,300, na kwa saa 10 ni uniti 23. Jengo tupu limekula mara mbili ya jengo lililojaa waumini. Kwa daraja la T1, la wateja wa matumizi ya kawaida, shilingi 292 kwa uniti, ukiongeza VAT na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati) unafika kama shilingi 356. Kwa mwaka mzima, zile wati 300 za jengo tupu ni takriban shilingi 877,000. Hiyo ni sadaka ya watu.

Ndiyo maana huwa nasikitika kamati inaponiita ikiwa imeshachangisha fedha za sola kabla ya kujua inatumia uniti ngapi. Kipimo ndicho kinachotangulia, na hakina gharama. Weka daftari karibu na mita. Kila Jumamosi jioni na kila Jumapili jioni andika uniti zilizobaki, na kila mkinunua andikeni uniti mlizopata. Uniti za mwanzo, jumlisha mlizonunua, toa zilizobaki: hayo ndiyo matumizi. Andikeni uniti, msiandike shilingi peke yake, kwa sababu bei na makato hubadilika. Linganisheni Pasaka na Pasaka, Ramadhani na Ramadhani, kwani mwezi wa tarawehe hauwezi kupimwa kwa mwezi wa kawaida. Na ile hesabu ya taa nyekundu irudieni mara kadhaa kwa siku. Friji na mashine ya maji hujiwasha na kujizima, hivyo dakika moja inaweza kuwadanganya.

Shida kubwa ninayokutana nayo ni mita moja kubeba kila kitu: kanisa, nyumba ya paroko, chekechea, na pengine duka la vitabu. Hapo mwombeni fundi awafungie mita ndogo kwa kila jengo. Bila hiyo mtalaumu kwaya kwa umeme uliotumiwa na jiko.

Huko Marekani, mpango wa serikali uitwao Energy Star hulipatia jengo la ibada alama za matumizi ya nishati kutoka 1 hadi 100, na 50 ni jengo la katikati. Kinachonivutia ni kwamba hesabu yake inazingatia idadi ya viti na saa za matumizi kwa wiki, si ukubwa wa jengo tu. Alama zenyewe hazitufai, kwani zinalinganisha majengo ya huko, lakini njia hiyo inatufaa: gawanyeni uniti za mwaka kwa mita za mraba, kisha jibu hilo ligawanyeni tena kwa saa za ibada za mwaka huo. Namba ya kwanza ikiwa ndogo na ya pili ikiwa kubwa, ukilinganisha na majengo mengine ya ibada, inaelekea umeme wenu unaliwa milango ikiwa imefungwa.

Msikitini hesabu ni nyingine, kwa kuwa sala tano zimetawanya matumizi siku nzima na maji ya kutawadhia ndiyo mzigo. Baada ya Isha, mlango ukishafungwa, wekeni alama kwenye tangi pale maji yalipofikia. Angalieni tena kabla ya adhana ya Alfajiri. Maji yakiwa yameshuka, kuna bomba linalovuja, na pampu inalipia uvujaji huo kila siku. Washa ya bomba, ule mpira mdogo wa kuzuia maji, ni bei ndogo sana ukilinganisha na umeme wa pampu ya hp 1 (nguvu farasi moja), inayovuta karibu kilowati nzima kila inapowaka.

Kuhusu joto, naomba kamati zisikimbilie viyoyozi. Mtu aliyeketi hutoa joto la kama wati 100. Waumini 400 ni kilowati 40, na kiyoyozi cha BTU 12,000 huondoa kilowati 3.5 tu. Mtahitaji karibu 12 kuondoa joto la miili peke yake, kabla hamjagusa joto la bati. Bati lililopakwa rangi nyeupe, dari, matundu ya hewa juu kabisa ya paa na madirisha yanayotazamana hufanya kazi kubwa, kisha feni zinamalizia.

Sola ninaipenda, kwa mpangilio wake. Moroko, iliyokuwa mwenyeji wa mkutano wa tabianchi wa COP22 mwaka 2016, ilikuwa na mpango wa misikiti 600 uliounganisha taa za LED, zinazokula umeme mdogo, na paneli za jua, haukutegemea paneli peke yake. Kwa msikiti, paneli zinaoana vizuri na pampu: jua likiwaka, tangi linajaa, na betri haihitajiki. Kwa kanisa linalotumia umeme mwingi Jumapili tu, paneli zitazalisha siku sita bila mtumiaji, kwa hiyo ukubwa wake ufuate chekechea au ofisi zinazofanya kazi katikati ya wiki. Fundi wa sola akija, kabla hajataja idadi ya paneli, mpeni lile daftari la mita, likiwa na kumbukumbu za miezi mitatu, alisome.