Je, wajua kwa nini Debian, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, ililegeza msimamo wake kuhusu waifai?

Chukua laptopu kuukuu, uipeleke kwa fundi wa saiba pale Malindi, umwambie akuwekee Debian 11. Kila kitu kitaenda sawa mpaka hatua ya mtandao. Hapo, kwa kadi nyingi, skrini itaandika kwamba waifai inahitaji faili ambalo halimo kwenye flashi. Utalipata wapi? Mtandaoni. Na mtandao ndio huo huna! Wajuzi huchomeka simu kwa waya wa USB wakachoma bando lao.

Faili hilo halikusahaulika, liliachwa makusudi. Debian, iliyoanza 1993, ilijiandikia Mkataba wa Kijamii mwaka 1997, na kifungu cha kwanza kinaahidi mfumo huru kwa asilimia 100, yaani ambao yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha. Faili lenyewe ni programu ndogo inayoendesha chipu, mafundi huiita famuwea, na kampuni nyingi huitoa bila kodi chanzo, yaani maandishi ambayo programu hutengenezwa kwayo. Huwezi kuisoma wala kuirekebisha. Ikatupwa nje.

Tatizo ni kwamba kifungu cha nne cha mkataba huohuo kinawataja watumiaji kuwa kipaumbele, sambamba na programu huru.

Wenye msimamo mkali wana hoja: ukipokea kila kinacholetwa, kampuni itatoa kodi chanzo yake kwa sababu gani? Free Software Foundation, shirika la kutetea programu huru alilolianzisha Richard Stallman mwaka 1985, haliipendekezi Debian hadi leo. Ila ukali huo ulikuwa na upofu. Chipu ambayo famuwea yake imechomwa ndani tangu kiwandani ilipita bila neno, ingawa nayo imefungwa vilevile; iliyoomba faili kutoka kwenye diski ndiyo iliyozuiwa. Na aliyekwama hakwenda kutafuta kadi huru (Lamu ataipata duka gani?), alirudi Windows, yaani alipoteza hata ule uhuru mkubwa aliokuwa karibu kuupata.

Mwaka 2022 wanachama wa Debian wakapiga kura kuhusu famuwea hizo. Kuugusa mkataba kwahitaji kura tatu kwa moja, zikapatikana. Nawasifu kwa hilo: hawakufumba macho huku ahadi ikibaki ilivyo, waliongeza sentensi ya kuziruhusu kwenye mkataba wenyewe. Debian 12 ikatoka Juni 2023 na famuwea hizo ndani ya diski rasmi. Asiyezitaka anaweza kuzizima wakati wa kuwasha. Programu nyingine zisizo huru bado haziingii kwenye diski hiyo.